Kuchakachua, au Ufundi?

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Sababu si kazi, ingawa kazi zipo tele. Sababu ni aibu, na aibu yenyewe inahusu mvinyo.

Ilikuwa hivi. Miezi michache iliyopita niliandika habari fupi ya ukurasa wa biashara, aya sita tu. Mnunuzi wa hoteli moja hapa Dar alinieleza kuwa ameacha kuchukua mvinyo mwekundu wa mtengenezaji mmoja mdogo wa Dodoma kwa sababu "anachanganya zabibu". Nikaandika kama nilivyoambiwa. Mtengenezaji mwenyewe nilimpigia simu mara moja, haikupokelewa, nikaweka ile sentensi yetu maarufu ya "juhudi za kumpata hazikuzaa matunda", nikaenda kula. Kwenye kichwa cha habari likaingia neno ambalo kila Mtanzania analielewa tangu enzi za mafuta ya taa kutiwa kwenye dizeli: wachakachuliwa.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Sauti ya mtu mzima.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi nachakachua?"

Nikaanza kujiumauma. Yeye akaendelea bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mimi nina matangi mawili. Moja lina zabibu ya Makutupora, moja lina Syrah. Zote nimezinunua kwa wakulima wa hapa hapa. Nikiyaunganisha, nimemwibia nani?"

Sikuwa na jibu. Na nilikosa jibu mimi niliyezaliwa Kasanda!

Kwa wasiopajua, Kasanda ni huko kwetu kwenye nyanda za juu za Kigoma, zamani wilaya ya Kibondo, na tangu 2012 iko wilaya ya Kakonko. Ni nchi ya Waha, ya migomba na maharage. Bibi yangu alikuwa mpishi wa pombe ya ndizi, na watoto tulikuwa wasaidizi wake kwa lazima. Ndizi za pombe zinavunwa mbichi, zinavundikwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani mpaka maji yake matamu yatoke. Hapo bado huna pombe, una kinywaji cha watoto. Pombe inaanza pale mtama unapoingia: mtama uliokaangwa na kusagwa, unanyunyizwa juu, chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba, kinalala. Mtama ndio unaoamsha ile kitu, unaipa rangi, unaipa na uchungu kidogo wa kukata utamu. Ndizi peke yake ni tamu mno. Mtama peke yake ni pombe nyingine kabisa. Katika miaka yote ile sikuwahi kusikia mzee hata mmoja akiweka mrija chini na kusema, "Mama huyu anachakachua."

Basi nikarudi kwenye ile hoteli, safari hii kama mteja, nikaomba orodha ya mvinyo. Mivinyo myekundu ilikuwa tisa. Mitatu kati yake, yote ya Afrika Kusini na yote ya bei ya kutisha, ilikuwa imeandikwa wazi: Cabernet Sauvignon na Shiraz. Shiraz ni jina jingine la Syrah. Maana yake mzungu (na kaburu) akichanganya, orodha inaandikwa kwa herufi za dhahabu. Mama wa Dodoma akichanganya, mimi namwandika gazetini.

Nikaanza kusoma. Na niliyoyakuta ndiyo nataka kuwasimulia leo, maana mchanganyiko huo una historia ndefu kuliko nilivyodhani, na Afrika imo ndani yake mpaka shingoni.

Tuanze na ramani. Mto Rhône unatoka milima ya Uswisi, unapita mji wa Lyon, unashuka kusini mpaka bahari ya Mediterania. Zabibu zake nyekundu maarufu ni Syrah kule juu, na Grenache, Mourvèdre na Cinsault kule chini kwenye joto. Bordeaux iko upande wa pili wa Ufaransa, zaidi ya kilomita 400 magharibi, kwenye mto Garonne karibu na Atlantiki. Zabibu zake ni Cabernet Sauvignon, Merlot, Cabernet Franc na ndugu zao wachache. Bordeaux ina mvua na ubaridi wa bahari. Mwaka ukiwa mbaya zabibu haziivi sawasawa, na mvinyo unatoka mwembamba, mkali, wenye ukakasi kama kutafuna ndizi mbichi. Rhône ina jua na upepo. Syrah ya huko inatoka nyeusi, nzito, na inajaza kinywa.

Cabernet ina tabia moja inayosemwa sana na watengenezaji. Inaanza vizuri ulimini, inamaliza vizuri kooni, lakini katikati ina pengo. Syrah inakaa katikati pale pale. Huhitaji shahada kuona kinachofuata.

Wafanyabiashara wa Bordeaux waliona mapema. Wateja wao wakubwa walikuwa Waingereza na Waairishi, watu waliopenda mvinyo mzito wenye rangi. Kwa hiyo katika karne ya 18, na sehemu kubwa ya karne ya 19, mapipa ya Bordeaux yaliongezewa nguvu kwa mvinyo wa kusini: wa Hispania, na ule bora kabisa, wa kilima cha Hermitage. Hicho ni kilima kimoja tu juu ya mto Rhône, kwenye mji wa Tain, ambako mvinyo mwekundu ni Syrah. Njia ya maji ilikuwepo. Mfereji wa Canal du Midi, uliofunguliwa 1681, uliunganisha pwani ya Mediterania na mto Garonne. Kazi hiyo ya kuongeza nguvu ilipewa hata jina, "kazi ya Kiingereza", na mvinyo uliotiwa Hermitage uliitwa hermitagé. Lilikuwa neno la biashara, wala hakuna aliyelinong'ona.

Tena msidhani ni mvinyo wa vibandani. Nathaniel Johnston, mfanyabiashara wa Bordeaux mwenye asili ya Ireland, aliandika katika barua kwamba Lafite ya mwaka 1795, ile iliyotengenezwa pamoja na Hermitage, ndiyo iliyopendwa kuliko mvinyo wowote wa mwaka huo. Lafite, jamani! Ile ile ambayo mwaka 1855, Wafaransa walipopanga madaraja ya mvinyo wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris, iliwekwa daraja la kwanza kabisa. Kwa lugha ya gazeti letu, mwaka 1795 Lafite ilichakachuliwa, na wanywaji wakaomba nyingine.

Kilichovuruga mambo ni mdudu. Filoksera, kidudu kidogo kama chawa kinachokula mizizi ya mizabibu, kiliingia Ufaransa kutoka Marekani katika miaka ya 1860, kikaanzia kusini, karibu na Rhône. Ndani ya miaka 30 kilikuwa kimeangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya nchi nzima, Bordeaux nayo ikiwemo. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mdudu hawezi kuiua. (Kwa hiyo hata mzabibu unaoitwa halisi wa Bordeaux una miguu ya Marekani. Halafu tunazungumzia usafi.)

Lakini kupandikiza kunachukua miaka, na kiu haisubiri. Hapo ndipo Afrika inaingia. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria mwaka 1830, na filoksera ilipochachamaa walowezi wakapanda mizabibu huko kwa kasi, kwenye ardhi iliyonyang'anywa wenyeji ambao kwa sehemu kubwa, kwa dini yao, hawakunywa hata tone. Kufikia miaka ya 1930 Algeria ilikuwa na hekta karibu 400,000 za mizabibu, na ndiyo iliyouza mvinyo nje kuliko nchi yoyote duniani. Karibu wote ulikwenda Ufaransa, na mwingi ulikwenda kuchanganywa: Carignan, Cinsault, Alicante Bouschet, mivinyo mizito ya jua kali, ikamiminwa kwenye mapipa ya Wafaransa waliokuwa na mvinyo mwembamba. Jina Algeria halikutokea mezani. Kibarua alivuna Oran, mlevi akasifu Ufaransa.

Hapa niruhusuni nichepuke kidogo, maana jambo hili lilinigusa kifuani. Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Lavigerie. Makao yao yalikuwa Maison-Carrée, nje kidogo ya mji huo, na walikuwa na mashamba ya mizabibu pale. Mwaka 1879 msafara wao wa kwanza ukafika Ujiji. Kwa hiyo dini iliyopanda kutoka ziwani mpaka huko kwetu Uha ilitoka mahali pale pale palipokuwa panamimina mvinyo kwenye mapipa ya Ufaransa. Nilipokuwa mtumishi wa altare nilibeba vichupa viwili, kimoja cha divai, kimoja cha maji. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za 1983 inadai divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kanuni hiyo hiyo inaagiza itiwe maji kidogo! Padri anachanganya mbele ya watu wote, kila siku, na asipofanya hivyo ndiyo kosa. Bibi alikuwa akiketi benchi la tatu, na jioni anakwenda kwenye mtama wake.

Turudi Ufaransa. Mvinyo wa Algeria, mvinyo wa kusini, mvinyo wa sukari na maji, vyote vikaingia sokoni kwa majina ya watu wengine, na bei ikaporomoka. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa mamia ya maelfu, na mwezi Juni askari wakawapiga risasi watu Narbonne, wengine wakafa. Serikali ilikuwa imetunga sheria dhidi ya udanganyifu mwaka 1905. Mwaka 1911 mipaka ya eneo la Bordeaux ikachorwa. Mwaka 1935 ukaundwa mfumo wa majina ya asili, ule unaosema jina fulani ni la mahali fulani, zabibu fulani na taratibu fulani. Mwaka 1936 Bordeaux ikapata masharti yake. Syrah haikuwemo. Kilichokuwa ufundi wa baba na babu kikawa kosa la jinai.

Sasa sikilizeni kichekesho. Waliosukuma mfumo huo mbele kuliko wote walikuwa wawili. Mmoja ni Joseph Capus, seneta wa Gironde, yaani mkoa wa Bordeaux. Wa pili ni Baron Pierre Le Roy, mwanasheria na rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwenye mashamba Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Rhône. Mtu wa Bordeaux na mtu wa Rhône waliungana kutengeneza sheria inayokataza Bordeaux na Rhône kuungana. Na Châteauneuf-du-Pape ya baron mwenyewe inaruhusu aina 13 za zabibu katika chupa moja!

Siwacheki sana lakini. Watu walikuwa wamekufa Narbonne. Mkulima aliyetoa jasho kwenye mteremko wake alikuwa na haki ya kutaka jina la mteremko huo lisibandikwe kwenye kila pipa linaloshuka kutoka melini. Nikisoma malalamiko ya wakati ule naona hasira yao ilikuwa juu ya lebo: mtu anauza cha Oran kwa jina la Bordeaux. Wale wa hermitagé walisema wametia nini. Hawa wa baadaye hawakusema. Tofauti hiyo ndiyo niliyoikosa mimi katika aya zangu sita. Sheria nayo iliikosa, ikapiga marufuku vyote viwili kwa pamoja, mwongo na fundi.

Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 soko la Ufaransa likaanza kufungwa. Mwaka 1970 kanuni za Soko la Pamoja la Ulaya zikakataza kuchanganya mvinyo wa nje na wa Ulaya. Wasovieti wakanunua kwa muda, kwa bei ya chini. Baada ya hapo mizabibu iking'olewa kwa maelfu ya hekta. Waliotumika kwa miaka 80 kujaza pengo la wenzao walibaki na zao wasilolinywa wala kuliuza.

Wakati huo mbali kabisa, Australia, hakuna aliyekuwa amesoma masharti ya 1936. Max Schubert, mtengenezaji wa kampuni ya Penfolds, alikwenda Bordeaux mwaka 1950 kujifunza. Aliporudi hakuwa na Cabernet ya kutosha, akatumia Shiraz iliyokuwepo, na mwaka 1951 akaanza mvinyo aliouita Grange Hermitage. Wakubwa wake wakaonja, wakasikitika, mwaka 1957 wakamwamuru aache. Hakuacha. Alitengeneza kwa siri miaka mitatu, mpaka ule wa mwanzo ulipokomaa na wakubwa wakageuza kauli. Mwaka 1960 kampuni hiyo ikatoa Bin 389, Cabernet na Shiraz pamoja, bila kumwomba radhi mtu. Ndiyo njia iliyofuatwa na wengi wa dunia mpya, Afrika Kusini wakiwemo, mpaka ikafika kwenye orodha ya ile hoteli.

Hata Ufaransa kwenyewe wapo waliorudi nyuma. Eloi Dürrbach alipanda Cabernet na Syrah kwenye mawe ya Provence, shamba la Trévallon, na mwaka 1976 akatoa mvinyo wake wa kwanza, nusu kwa nusu. Masharti mapya ya eneo lake yalipokuja katika miaka ya 1990 yakasema Cabernet isizidi asilimia 20. Akakataa kung'oa. Akapoteza jina la eneo, akashushwa daraja, akaendelea kuuza kwa bei ya juu kuliko waliobaki na jina. Kisha Château Palmer, moja ya mashamba makubwa ya Bordeaux, kuanzia mavuno ya 2004 ikatengeneza mvinyo kwa mtindo wa karne ya 19: Cabernet na Merlot zao wenyewe, na Syrah kidogo kutoka kaskazini ya Rhône. Sheria haikuwaruhusu kuandika Bordeaux wala mwaka wa mavuno. Ukatoka kama mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa kisheria, kwa bei ambayo mshahara wangu wa mwezi ungeitazama kwa mbali.

Na nyongeza moja kwa wapenda "zabibu safi". Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi walipima vinasaba vya zabibu hizi. Cabernet Sauvignon, mfalme wa Bordeaux, ni mtoto wa Cabernet Franc nyekundu na Sauvignon Blanc nyeupe. Syrah ni mtoto wa Dureza nyekundu na Mondeuse Blanche nyeupe. Wote wawili machotara.

Sasa Dodoma. Mizabibu ilikuja na wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana, ikaenea vijijini, na leo mkulima wa huko anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa wa Bordeaux analiota tu. Zabibu nyekundu iliyotawala ni Makutupora, yenye jina la mahali pale. Syrah ipo pia. Yaani mtoto wa kilima cha Hermitage anaota kwenye vumbi la Ugogo, na mama mmoja amemkutanisha na mwenyeji. Hakuna baron wa kumkataza.

Sheria ya mchanganyiko tunayo sisi pia, ila sikujua kama ndivyo ilivyo mpaka nilipotazama bajeti za miaka ya 2010. Ushuru wa bidhaa unatenganisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, unaolipa kidogo, na ule wenye zaidi ya asilimia 25 ya zabibu za nje, unaolipa mara nyingi zaidi. Wafaransa walilinda jina la mteremko, sisi tunamlinda mkulima kwa asilimia. Ndani ya hizo 75 unachanganya unavyotaka. Mama wa matangi mawili, ambaye zabibu zake zote ni za Dodoma, hakuvunja chochote.

Nilimpelekea mhariri maelezo hayo. Yametoka masahihisho, mistari minne, chini ya ratiba ya ligi. Nilimpigia mama, nikamwomba radhi, nikamsomea yote minne kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la biashara: akiandika aina zote mbili kwenye lebo, Makutupora na Syrah, na kiasi cha kila moja, yule wa hoteli atanunua?

Nikampigia mnunuzi. Amesema atalitazama kwenye bajeti ya mwaka mpya. Nimemweleza mama hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Ameniambia niende mavuno yajayo nikaone matangi kwa macho. Nimeomba ruhusa kazini. Bado haijajibiwa.